Ardhi ya Wote, Nyumba ya Mmoja: Tanzania-Bondeni na Wajibu wa Serikali za Mitaa

Wengi wa wasomaji wa jarida hili wameupitia mji wa Voi wakiteremka Mombasa au wakirejea bara. Wameuona kupitia dirisha la basi au la garimoshi, wakanunua ndizi ama maji, kisha safari ikaendelea. Ukiwauliza wanachokumbuka, watakutajia ndovu wa Tsavo, joto na mashamba ya mkonge. Ni wachache mno wanaojua kwamba katika mji huo mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa mabanda uitwao Tanzania-Bondeni waliamua jambo ambalo wataalamu wa makao ulimwenguni wangali wanaliandikia makala na vitabu. Waliamua kwamba ardhi ya mtaa wao isiwe ya mtu yeyote binafsi, iwe ya wote, na kila mmoja wao amiliki nyumba tu. Makala haya yanadai kwamba uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwamba usingaliwezekana bila mkono wa serikali ya mtaa, na kwamba mkono huohuo ulipolegea ndipo mfano ule ulipobaki yatima.

Historia ya mtaa wenyewe haitofautiani sana na ya mitaa mingine iliyozaliwa kando ya reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikaifikia Voi kabla ya karne ya 19 kuisha. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza likaongezwa tawi la kutoka Voi kuelekea Taveta. Mji ukawa njia panda. Wafanyakazi wa reli na vibarua wa mkonge walihitaji mahali pa kulaza ubavu, na mshahara wao haukutosha kupanga nyumba zilizojengwa kwa kanuni za baraza la mji. Wakajijengea za udongo, miti na mabati katika ardhi isiyokuwa yao: sehemu yake ilikuwa ya Shirika la Reli, sehemu nyingine ya shamba la mkonge. Mtaa ukakua, ukachanganya Wataita, Wakamba, Wajaluo, Waswahili na wengine, lugha yao ya pamoja ikiwa hii tunayoisomea shahada. Wakaishi hivyo kwa miongo kadhaa, kila mmoja akijua kwamba siku mwenye ardhi atakapotaka ardhi yake, hakuna karatasi itakayomzuia.

Mtu asiyewahi kuishi katika hali hiyo huenda asielewe uzito wake. Anayeweza kufukuzwa kesho hajengi kwa matofali leo. Hachimbi choo cha kudumu, hapandi mwembe. Watu husema kwamba mitaa ya mabanda ni michafu kwa sababu wakazi wake hawajali, nami naona kwamba anayesema hivyo hajajiuliza ni nani awezaye kujali kitu ambacho si chake na hakitakuwa chake. Wala si habari za zamani. Mwaka 2023, katika mji uo huo wa Voi, nyumba za wakazi wa Msambweni zilibomolewa katika mzozo wa umiliki wa ardhi.

Kilichotokea Tanzania-Bondeni ni hiki. Wizara ya Serikali za Mitaa ya wakati huo ilikuwa na mpango wa kuendeleza miji midogo kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Ujerumani, GTZ, na Voi ikawa mmojawapo wa miji iliyochaguliwa. Ardhi ilijadiliwa na wenyewe, wakakubali kuiachilia ili wakazi wapewe. Kwa desturi, hapo ndipo kazi ingalikwisha: mpimaji angalikuja, bikoni zingalichimbiwa, kila mtu angalipewa hati yake na picha zingalipigwa. Lakini wakazi wenyewe waliitwa vikaoni, wakaelezwa njia kadhaa za kumiliki: hati ya mtu binafsi, chama cha ushirika, au ile iliyokuwa haijapata kujaribiwa nchini, yaani amana ya ardhi ya jamii. Wakajadili na wakachagua hii ya tatu.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza, ingawa si mwepesi kuusajili. Wakazi wote ni wanachama wa jumuiya iliyoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama. Jumuiya huchagua kamati. Kando yake kuna bodi ya wadhamini, nayo ndiyo inayoishika ardhi yote kwa jina la wakazi wa leo na wa kesho. Mwanachama hupewa haki ya kutumia kiwanja chake, haki ambayo aweza kuirithisha. Nyumba aliyoijenga ni yake. Akitaka kuhama, huuza nyumba na maendeleo aliyoyafanya, na jumuiya ndiyo yenye nafasi ya kwanza ya kununua. Ardhi iliyo chini ya nyumba haiuzwi kamwe. Kwa njia hiyo, tajiri wa Mombasa au Nairobi hawezi kuja na mkoba wa fedha akanunua viwanja 10 kwa siku moja na kuwageuza waliokuwa wenyeji kuwa wapangaji wake.

Wazo hili halikubuniwa Voi, na ni vyema tulijue lilikotoka kwa sababu historia yake yaonyesha waziwazi nafasi ya serikali ya mahali. Mwaka 1969, wanaharakati weusi wa kupigania haki za kiraia katika jimbo la Georgia, Marekani, waliunda New Communities, wakanunua shamba la zaidi ya ekari 5,000 ili wakulima weusi waliofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura wapate mahali pa kuishi pasipotegemea hisani ya bwana yeyote. Gavana wa jimbo, Lester Maddox, aliyekuwa mtetezi wa ubaguzi, akazuia fedha za serikali kuu zilizokusudiwa kuwafikia. Ukame ulipokuja, mikopo ya dharura waliyopewa wakulima weupe wao walicheleweshewa. Mwaka 1985 shamba likapotea. Sasa tutazame Burlington, mji mdogo katika jimbo la Vermont, nchi iyo hiyo. Mwaka 1984 baraza la mji, meya akiwa Bernie Sanders, lilianzisha amana ya namna iyo hiyo na kuitengea dola 200,000 za mtaji. Amana ile ingaliko; iliungana na nyingine mwaka 2006, na mwaka 2008 ikapata Tuzo ya Makao ya Dunia. Wazo lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni aliyeketi katika ofisi ya serikali.

Nirudi pwani. Wapo wanaosema kwamba kutenganisha nyumba na ardhi ni fikra ya kigeni, ya wazungu wa miradi, isiyoingia kichwani mwa Mwafrika. Dai hilo lashangaza likitolewa katika nchi ambayo Mombasa imo. Kwa vizazi vingi, katika mitaa kama Majengo, watu wamemiliki nyumba bila kumiliki ardhi: nyumba ya Kiswahili ni ya fulani, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi. Nyumba hurithiwa, hupangishwa chumba kwa chumba, huuzwa, na ardhi haiguswi. Wamombasa hawahitaji semina kulielewa hilo. Wanaloweza kukueleza pia ni ubaya wake, kwani mwenye ardhi akifa na warithi wake wakaamua kuuza, mwenye nyumba hubaki na kuta zisizo na mahali pa kusimama. Tanzania-Bondeni ilichukua umbo hilohilo la zamani ikambadilisha mhusika mmoja tu. Mwenye ardhi hakuwa tena bwana fulani aliye mbali, alikuwa jumuiya ya wenye nyumba wenyewe. Hali kadhalika, Waislamu wa pwani wanaijua wakf: mali iliyozuiwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakawafikia walengwa daima. Nchini Kenya wakf ina sheria yake na makamishna wake. Kwa hiyo mizizi ilikuwepo. Kilichokosekana ni maneno.

Hapa ndipo sisi wa idara za Kiswahili tunapopaswa kuketi vizuri. Mikataba ya ardhi katika Kenya, ikiwemo ile iliyounda amana ya Voi, hutegemea sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ambacho hata Mwingereza wa kawaida hukikuna kichwa. Mkazi wa Bondeni alitakiwa kuamini mfumo wenye pangisho kuu, pangisho dogo, jumuiya na bodi, vyote vimeandikwa katika lugha asiyoifanyia hesabu zake za sokoni. Wataalamu waliochunguza mradi huo baadaye wameandika kwamba ugumu wa mfumo wenyewe ulikuwa mojawapo ya udhaifu wake mkubwa. Nakubaliana nao, ila naona sehemu ya ugumu huo haikuwa ya mfumo, ilikuwa ya lugha.

Chukua neno moja tu. Chombo kinachoshika mali kwa niaba ya wengine tukiite nini? Wengi wetu hukimbilia "dhamana", na wanaokishika tukawaita "wadhamini". Lakini mwananchi wa Voi alilisikia wapi neno dhamana? Alilisikia mahakamani, mtuhumiwa alipoachiliwa kwa shilingi kadhaa, na akalisikia benki, alipotakiwa kuweka hati ya shamba kabla ya kukopeshwa. Dhamana kwake ni kitu kinachowekwa rehani, kinachoweza kwenda na kisirudi. Ndiyo kinyume kabisa cha ardhi isiyoweza kuuzwa wala kuwekwa rehani! "Amana" ni neno jingine. Amana ni kitu ulichokabidhiwa, si chako, na siku utakapoulizwa utakitoa kikiwa kizima. Hata mtoto aliyetumwa na jirani analielewa. Sina hakika kwamba wanasheria watakubali kuwaita wadhamini "waamana" (sikio langu lenyewe lagoma), lakini tofauti ya dhamana na amana si ubishi wa wanaisimu wanaokosa kazi. Mtu akiambiwa ardhi yake imewekwa dhamana, atakesha usiku. Akiambiwa imewekwa amana, atauliza nani mwekwa amana na anachaguliwaje, nalo ndilo swali hasa linalotakiwa kuulizwa.

Pana hoja nzito dhidi ya haya yote, na si haki kuipita kando. Mwaka 2000 mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, alichapisha kitabu, The Mystery of Capital, kilichopendwa sana na serikali na mabenki. Kwa maneno mafupi, anasema maskini wana mali, ila mali hiyo imekufa kwa kuwa haina hati. Mpe kila mmoja hati yake, ataikopea, atafanya biashara, atatoka katika umaskini. Kwa mtazamo huo, Tanzania-Bondeni iliwafunga watu minyororo: iliwapa ardhi wasiyoweza kuikopea. Na ni kweli kwamba wapo wakazi waliotamani hati zao binafsi. Siwalaumu. Katika nchi ambayo hati ya ardhi huwekwa chini ya godoro pamoja na cheti cha ndoa, kuambiwa kwamba hutapata karatasi yenye jina lako peke yako si jambo dogo.

Hata hivyo, Kenya haihitaji nadharia kujibu hoja hiyo, ina Dandora. Mradi ule wa Nairobi, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1975, ulikusudia kuwapa watu wa kipato cha chini viwanja 6,000 vyenye maji na vyoo ili wajijengee pole kwa pole. Kila mmoja alipewa chake. Kilichofuata kinajulikana na kila aishiye Nairobi: wengi waliogawiwa waliuza au walipangisha, wenye fedha wakakusanya viwanja, na leo maghorofa ya vyumba vya kupanga yamesimama palipokusudiwa nyumba ya familia moja. Aliyeuza hakuhamia Karen. Alihamia kibanda kingine, kwa maana shida iliyomfanya auze, ugonjwa au karo ya shule, ilizila fedha zote. Hati binafsi ilimpa uhuru wa kuuza mara moja tu. Sidai kwamba uhuru huo hauna thamani. Nasema kwamba gharama yake hulipwa na mtoto wake, ambaye ataanza tena mabondeni bila kiwanja.

Kwa nini basi mfano wa Voi haukuenea? Kupata hati kuu kulichukua miaka mingi, kwa kuwa ofisi za ardhi zilikuwa zimezoea mwombaji mmoja, ploti moja. Maafisa waliouelewa mpango walihamishwa, wakaja wengine waliohitaji kufundishwa upya. Wafadhili nao, kama ilivyo ada yao, walifunga mradi wao muda ulipokwisha. Aliyepaswa kubaki ni Baraza la Manispaa ya Voi, na mabaraza yale, sote tunakumbuka, yalikuwa na madeni kuliko mapato, na madiwani ambao baadhi yao waliona ardhi ya umma kama njugu za kugawana. Mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, mabaraza yenyewe yakafutwa. Yatima akapoteza hata mlezi wake mgonjwa.

Lakini mirathi ilibaki, na mrithi anajulikana. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 yazipa serikali za kaunti upangaji na maendeleo, pamoja na upimaji wa ardhi na nyumba. Kifungu cha 43 chataja haki ya kila mtu ya makao yanayofaa. Kifungu cha 63 chasema ardhi ya jamii ni ya jamii zinazotambulika kwa kabila, utamaduni au ushirika wa maslahi unaofanana na huo. Maneno hayo ya mwisho ni mlango. Tumezoea kudhani kwamba ardhi ya jamii ni malisho ya wafugaji, na kweli Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliandikwa macho yakielekea huko. Lakini mtaa wa mjini wenye watu wa makabila manane waliounganishwa na kiwanja kimoja una maslahi yanayofanana kama kijiji chochote. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta, inayoketi Mwatate, ndiyo yenye sababu kubwa kuliko nyingine zote za kuusukuma mlango huo. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti limo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Yanayobaki yamegawanywa baina ya milima iliyojaa watu, ranchi na mashamba makubwa ya mkonge. Kila ekari ya mjini inayoingia mikononi mwa mlanguzi haitarudi, na haina badala.

Msaada ninaoukusudia si fedha nyingi. Kaunti inaweza kupima mtaa mzima kwa gharama yake, mara moja, badala ya kumwacha kila mkazi amtafute mpimaji wa binafsi. Inaweza kulegeza kanuni za ujenzi na ukubwa wa viwanja. Huko Huruma, Nairobi, kijiji cha Kambi Moto kilijengwa upya na wenyeji wake wenyewe katika miaka ya 2000 kwa sababu Baraza la Jiji lilikubali nyumba zilizosimama juu ya eneo la takriban mita 20 za mraba, zikipanda juu badala ya kutambaa. Dar es Salaam, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliunda ushirika, wakanunua ekari 30 huko Chamazi, na Manispaa ya Temeke ikakubali viwanja vidogo kuliko vilivyoruhusiwa. Kaunti inaweza pia kusimama nyuma ya jumuiya inapokwenda kukopa. Nyumba yaweza kukopewa bila kuiweka ardhi rehani, mradi awepo mtu wa kumhakikishia mkopeshaji. Kazi hiyo vyama vya ushirika wa nyumba, chini ya muungano wao wa kitaifa, NACHU, ulioundwa mwaka 1979, vinaijua.

Jambo moja zaidi, kwa sababu fedha zake zatoka mifukoni mwetu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mpango huo umejengwa juu ya mnunuzi mmoja mmoja, kila mtu na fleti yake. Cha kuvutia ni kwamba sheria hiyo yenyewe yamkataza aliyenunua kuuza bila idhini ya bodi. Maana yake serikali imeiona hatari ya Dandora, ikaiogopa kama walivyoiogopa wakazi wa Bondeni miaka 30 iliyopita. Ila imemkabidhi ulinzi wa mlango askari aliye Nairobi, badala ya jirani ambaye angejua kabla ya jua kuchwa kwamba nyumba nambari fulani imeonyeshwa mgeni. Ikiwa sehemu ya tozo hiyo ingepitia jumuiya kama ile ya Voi, ulinzi ungelikuwa wa bure.

Tunarudi kwenye karatasi. Kifungu cha 7 cha Katiba chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mkazi wa Voi akitaka kusoma masharti ya pangisho lake atahitaji mkalimani. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufanya makongamano kila mwaka, hutafsiri hadithi na mashairi, na hiyo ni kazi njema. Mwaka huu tuombe kazi kavu zaidi. Tuiandikie idara ya ardhi ya kaunti, tuombe nakala ya katiba ya jumuiya, ya hati ya wadhamini na ya mfano wa pangisho la mwanachama. Tuzitafsiri tukiwa na mwanasheria upande mmoja na wazee wa mtaa upande wa pili, tuzisome kwa sauti katika mkutano wa wakazi, na kila sentensi itakayowafanya watazamane bila kuelewa tuirudie upya.